Mchakamchaka wa Jumamosi na Mbwa Asiyebweka

Ndugu msomaji, kama umewahi kupita barabara ya vumbi inayopanda kutoka Moshi mjini kuelekea migombani siku ya Jumamosi, mishale ya saa 11 na nusu alfajiri, huenda ulikutana na wanawake wawili wenye mvi, wamevaa raba na trakisuti, kanga wamejifunga kiunoni, na mbwa mmoja wa rangi ya udongo akiwatangulia. Mmoja ni mimi, muuguzi mstaafu. Wa pili ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mbwa ni wake naye anaitwa Simba, ingawa ukimwona utajua kwamba jina hilo alipewa kwa matumaini tu.

Miezi ya kwanza watu walitushangaa sana. Huku kwetu, wanawake wa umri wetu wakionekana wanakwenda mbio alfajiri, maana yake ni moja. "Shikamooni mama zangu, msiba uko wapi?" Tulijibu marahaba, tukasema hakuna msiba, tunafanya mazoezi. Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka maziwa alisimamisha baiskeli yake, akatutazama mpaka tulipopotea kwenye kona.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye siku ya kupima afya hapa parokiani. Mwalimu alipimwa presha, ikakutwa 170 kwa 100. Wakarudia baada ya kumpumzisha, haikushuka. Wakamwita tena wiki iliyofuata, ikawa vile vile. Yeye hakuwa anaumwa kichwa wala kizunguzungu, na hii ndiyo hila ya ugonjwa huu: presha ya kupanda hukaa mwilini miaka mingi bila kupiga hodi, kisha siku moja mtu anaanguka na upande mmoja umepooza. Daktari alimwandikia vidonge, akamwambia apunguze chumvi, tena afanye mazoezi.

"Mazoezi gani?" mwalimu aliniuliza njiani tukirudi. "Si ninalima?"

Nikamwambia tusidanganyane. Kulima ni mazoezi mazuri kabisa, na aliye na jembe mkononi kila siku hana haja ya kutafuta mengine. Lakini shamba la mwalimu sasa linalimwa na kijana wa kibarua, sokoni anapelekwa na bodaboda, na maji yanatoka bombani uani kwake. Miguu iliyompeleka shuleni miaka 35 imebaki na kazi ya kutoka jikoni kwenda sebuleni. Na mimi sikuwa bora kuliko yeye.

Tulianza kwa kuhesabu nguzo za umeme. Tulitembea nguzo tatu, tukakimbia moja, kisha tukatembea tena tatu. Hakuna aibu katika kuanza hivyo, hasa kwa mtu wa zaidi ya miaka 40 aliyekaa muda mrefu bila kujishughulisha. Baada ya miezi miwili tulikuwa tunatembea moja na kukimbia mbili. Kipimo chetu cha mwendo ni maneno: ukiweza kuongea na mwenzako huku unakimbia, mwendo unakufaa, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Kwa mwalimu kipimo hiki ni kizuri mno, kwa sababu hata mlima haujawahi kumnyamazisha. Alipokuwa kazini ndiye aliyeongoza mchakamchaka wa watoto saa 12 asubuhi, na sauti yake bado ni ile ile.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za kazi au mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 za mazoezi ya nguvu, kama kukimbia. Sisi tunakimbia Jumamosi kwa muda wa saa moja kasoro, na katikati ya juma tunatembea kwa miguu kwenda kila tunakoweza kwenda. Jumapili haiwezekani, maana mwalimu ni mwanakwaya wa misa ya kwanza. Baada ya miezi minane presha yake ilisoma 138 kwa 86, akiendelea kumeza vidonge vyake kila siku. Naomba wasomaji walishike hilo la vidonge. Nimewazika watu waliojiona wamepona wakaacha dawa. Na mwenye maumivu ya kifua, au anayeishiwa pumzi akipanda ngazi chache tu, asianze kukimbia kabla ya kuonana na daktari.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini tunakwenda wawili. Jibu langu ni mwezi wa Julai. Asubuhi ya Julai huku juu kuna ukungu na baridi ya kuingia mifupani, na mimi peke yangu ningejigeuza upande wa pili nikalala. Lakini najua kuna mtu ananingoja kwenye njia panda gizani, naye akijua hivyo hivyo, basi sote tunaamka. Halafu yupo Simba. Yeye anaijua Jumamosi, sijui kwa njia gani. Saa 11 kamili anakwaruza mlango wa mwalimu, na hauachi mpaka utakapofunguliwa.

Mwenye mbwa wa kukimbia naye ayajue machache. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi nje, kwa hiyo jua kali linaweza kumuua upesi. Asubuhi na mapema ndio wakati wake. Asipewe shibe kabla ya mbio, apewe maji baadaye, na mtoto wa mbwa asikimbizwe mwendo mrefu kabla mifupa yake haijakomaa. Barabarani avae mkanda wa shingoni, awe na kamba. Hili la kamba sisi tulikuwa tunalipuuza.

Ukungu wa tarehe 10 Juni

Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2023 ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nguzo ya pili haikuonekana. Tulikuwa tumepita daraja la mfereji, tunakaribia njia panda penye mama anayeuza chai na chapati. Simba alikuwa mbele kama kawaida yake. Ghafla alisimama, manyoya ya mgongoni yakamsimama.

Mbwa aliyetoka migombani hakubweka. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Mbwa mgeni hubweka, au hunguruma, au huinua mkia. Huyu alikuja kimya, kichwa chini, miguu ya nyuma ikiyumba kama ya mlevi, udenda umening'inia mdomoni. Akamrukia Simba akamng'ata sikio. Mwalimu alipiga kelele akasogea amtetee mbwa wake, na yule mbwa akamwacha Simba akamkamata yeye kigimbi cha mguu wa kulia. Yote hayo hayakuchukua muda wa Baba Yetu moja.

Kosa letu lilikuwa hapo. Ukikutana na mbwa usiyemjua usikimbie wala usimkaribie. Simama kama mti, mikono chini, usimkodolee macho, kisha rudi nyuma polepole. Akikuangusha, jikunje kama mpira, ufunike uso na shingo kwa mikono. Wafundisheni watoto jambo hili wangali wadogo. Lakini nikiri kwamba mimi niliyelifundisha kwa miaka mingi nilisimama pale nikipiga mayowe kama watu wengine.

Vijana wa bodaboda walitoka njia panda na mawe. Nilipopata akili niliwapigia kelele wasimpasue kichwa. Walidhani nimechanganyikiwa. Sababu nitaieleza baadaye.

Mwalimu alikuwa amekaa chini, trakisuti imechanika, matundu manne mguuni, mawili yakitoka damu nyingi. Watu wakajaa, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alisema paka mafuta ya taa. Mwingine alitoa ugoro mfukoni. Mama mmoja alishauri tukate manyoya ya yule mbwa, tuyachome, majivu tuyapake kwenye kidonda. Kijana akasema babu yake analo lile jiwe jeusi la nyoka. Wote walikuwa wanatupenda, na hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachozuia kichaa cha mbwa.

Mimi nilitaka sabuni. Mama wa chai alikuwa na kipande cha sabuni ya mche na dumu mbili za maji. Nikamwambia mwalimu aweke mguu kwenye beseni, nikaanza kumwaga maji kwa jagi, kupaka sabuni, kusugua taratibu ndani ya matundu, kumwaga tena, kupaka tena. Niliangalia saa yangu. Inatakiwa dakika 15. Msomaji, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Baada ya tatu mwalimu alisema yatosha. Baada ya sita alisema nimegeuka kuwa dobi. Baada ya tisa dumu zote mbili zilikuwa zimekwisha, watoto wakatumwa bombani.

Virusi vya kichaa cha mbwa vinakaa kwenye mate, na vikiingia kwenye kidonda havikimbilii kwenye damu kama wengi wanavyofikiri. Vinakaa kwanza hapo hapo kwenye nyama, kisha vinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda kidogo kidogo kuelekea ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, mara nyingine wiki moja tu, mara chache mwaka. Kidonda kilicho usoni au mkononi ni cha hatari zaidi. Sabuni inaviua virusi vingi kabla havijaanza safari, na maji yanaviondoa. Ukimaliza kunawa waweza kupaka spiriti au iodini ukiwa nayo. Usikifunge kidonda kwa kukibana, wala usiharakishe kukishona.

Kikombe cha mwaka 1986

Kwenye dakika ya 12 hivi mwalimu aliniambia ameshapata nafuu, turudi nyumbani, wajukuu wanangoja uji, na hospitali atakwenda Jumatatu. Nikamsimulia jambo ambalo sikuwa nimemsimulia katika miaka yote ya ujirani wetu.

Mwaka 1986 nilikuwa muuguzi mpya katika wodi ya watoto. Baba mmoja alileta mtoto wake wa miaka tisa, akasema ni malaria imepanda kichwani. Mtoto alikuwa na homa, hakulala siku mbili, lakini alikuwa anajitambua. Alisema ana kiu. Nikamletea maji kwenye kikombe. Alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni, na koo lake likakaza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, mwili wote ukajikunja, kikombe kikaanguka. Alipotulia alisema tena ana kiu. Tulijaribu kwa kijiko, ikawa vile vile. Hata mlango ulipofunguliwa upepo ukampiga usoni, koo lilikaza.

Daktari alimwuliza baba kama mtoto amewahi kung'atwa na mbwa. Baba alisema hapana. Mama ndiye aliyekumbuka, alipofika jioni: miezi miwili iliyopita walikuwa na mtoto wa mbwa aliyekufa, na kabla hajafa alimkwaruza mwanae kidole kwa meno. Kidonda kidogo. Walifunga kitambaa, kikapona.

Alikufa siku ya tatu. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu hauna dawa. Ulikuwa hivyo mwaka 1986 na ni hivyo hata leo, mbali na watu wachache mno duniani. Lakini kabla ya dalili una kinga iliyo karibu ya hakika. Tarehe 6 Julai 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimpatia chanjo kwa mara ya kwanza Joseph Meister, mtoto aliyejeruhiwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Meister naye alikuwa na miaka tisa. Alipona, akaishi hadi mwaka 1940. Chanjo ilikuwa imetimiza miaka 101 siku nilipookota kile kikombe.

Mwalimu hakusema kitu tena. Alinyoosha mguu nikamalizia dakika zilizobaki.

Kituo cha kwanza tulichofika hakikuwa na chanjo. Aliyekuwa zamu alitwambia zimekwisha, tujaribu Jumatatu. Nasema hili bila kumlaumu mtu, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kusimama nyuma ya meza kama ile nikiwa na kabati tupu. Lakini Jumatatu haikubaliki. Tulipiga simu sehemu tatu, ya tatu ikasema ipo, tukashuka mjini kwa bodaboda mwalimu akiwa bado na kiatu kimoja. Ushauri wangu ni huo: ulizeni kwa simu kabla ya kupoteza nauli, na msikate tamaa kwenye mlango wa kwanza. Aliyechelewa siku kadhaa, au hata wiki, naye aende tu, maadamu dalili hazijaanza.

Wapo wanaoogopa kwa sababu wamesikia habari za sindano 21 kitovuni. Habari hizo zilikuwa za kweli zamani, chanjo ilipokuwa inatengenezwa kutokana na ubongo wa wanyama. Siku hizi inachomwa begani. Mwalimu alichomwa Jumamosi tarehe 10, Jumanne tarehe 13, Jumamosi tarehe 17 na Jumamosi tarehe 24. Ipo pia ratiba fupi ya wiki moja, ambayo sindano huchomwa kwenye ngozi. Mjamzito anaruhusiwa, mtoto mchanga anaruhusiwa. Kilicho muhimu ni kumaliza zote. Alichomwa na ya pepopunda.

Kwa kidonda kinachotoa damu kama chake, inatakiwa pia serumu, ambayo ni kinga iliyokwisha tengenezwa, ikachomwa kukizunguka kidonda. Siku ile haikupatikana. Daktari aliutazama mguu, akauliza nani aliyeuosha. Akasema pasipo na serumu, kunawa vizuri na chanjo inayoanza siku hiyo hiyo huokoa walio wengi sana.

Zizini kwa mwalimu aliondoka mbuzi mmoja kwa ajili ya sindano na nauli. Namtaja mbuzi kwa makusudi, maana kuna familia ambayo haina mbuzi wa kuuza, na ndiyo hiyo inayongoja Jumatatu.

Kadi iliyokuwa kwenye kopo la biskuti

Tuliporudi jioni tulikuta vijana wawili uani kwa mwalimu wamekuja na panga. Walitaka kummaliza Simba kabla hajapata kichaa. Walikuwa na hoja. Mbwa asiyechanjwa akishang'atwa na mwenye kichaa ni hatari kwa nyumba nzima, na mara nyingi shauri la bwana mifugo ni kwamba auawe, au afungiwe mahali pa salama kwa miezi mingi. Mwalimu alisimama mlangoni na mguu wake wa bandeji. Mjukuu wake wa darasa la tano alipita chini ya mkono wake, akarudi na kopo la biskuti wanamowekea stakabadhi za shamba. Ndani yake kulikuwa na kadi.

Tarehe 28 Septemba 2022, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mbwa walichanjwa bure kwenye ofisi ya kata. Mwalimu hakutaka kwenda, alikuwa na kikao. Ni huyu mjukuu aliyemfunga Simba kamba ya katani akampeleka mwenyewe, akapanga foleni saa tatu, akarudi na kadi yenye mhuri. Hakuna mtu aliyemsifu siku ile.

Bwana mifugo aliisoma kadi, akamchanja Simba sindano ya kuongeza nguvu siku hiyo hiyo, akaagiza afungwe siku 45, asiguswe kwa mikono mitupu mpaka sikio lipone, na mabadiliko yoyote apewe taarifa. Kisha akauliza mzoga wa yule mbwa mwingine uko wapi. Hapo ndipo vijana walipoelewa zile kelele zangu za kichwa. Ugonjwa huu hupimwa kwenye ubongo, na kichwa kilichosagwa kwa mawe hakina jibu. Alivaa glavu, akakichukua kwenye kisanduku cha barafu. Mtu wa kawaida asijaribu kazi hiyo.

Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, ni bora zaidi asiuawe. Afungwe siku 10 akiangaliwa. Akiwa mzima baada ya siku hizo, basi alipong'ata hakuwa na virusi kwenye mate. Lakini aliyeng'atwa aanze chanjo mara moja. Daktari ndiye atakayeamua kama isimamishwe.

Niongeze neno juu ya dalili za mbwa mwenyewe. Wengi wanangojea mbwa mkali anayekimbia huku na huku akiuma hata mawe. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo wengine wanaopooza tu: taya inalegea, udenda unatoka, sauti inabadilika au inapotea, mbwa anajificha gizani. Mwenyewe anadhani mfupa umemkwama kooni, anaingiza mkono kuutoa. Msiingize mkono.

Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Yule mbwa alikuwa nacho.

Bwana mifugo hakungojea majibu. Jumatatu ile ya tarehe 12 Juni yeye na mwenyekiti wa kijiji walianza kupita nyumba hadi nyumba kuuliza nani mwingine aliyeng'atwa. Wakampata mbuzi mmoja. Watu walisema hakuna zaidi. Mwalimu hakuridhika. Anajua watoto. Alhamisi alikwenda shuleni alikofundisha, akichechemea, akaomba dakika tano kila darasa. Hakuuliza nani kang'atwa. Alipandisha trakisuti akawaonyesha mguu wake, akasema yeye mwenyewe alitaka kuficha, akasema asiyeficha hatapigwa, na yeye atakwenda nyumbani kwao kuhakikisha.

Mtoto wa darasa la tatu alimfuata kwenye ua wa shule. Aliinua mkono wa sweta. Ijumaa jioni alikuwa amemrushia mbwa mawe na wenzake, mbwa akamrudia. Hakusema nyumbani kwa sababu alikatazwa kupita njia ile, na kiboko kiko nyuma ya mlango. Alikuwa amejifunga jani la mgomba.

Aliyewaogesha watoto wake jioni hii ajiulize kama wangemwambia. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Wanaokufa duniani kwa ugonjwa huu wanakadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa meno ya mbwa. Kiboko kinachofanya mtoto afiche kidonda hakina faida yoyote.

Mama yake alilia, baba yake alikwenda kukopa. Mkono ule tuliuosha dakika 15 ingawa zilikuwa zimepita siku sita. Jioni hiyo hiyo alichomwa sindano ya kwanza, na mwalimu, mwenye sindano zake mbili tayari, alikaa naye kwenye benchi akimweleza kwamba haiumi, jambo ambalo si kweli.

Inawezekana kabisa kuuzuia ugonjwa huu mlangoni. Mkoani Mara, katika vijiji vya Serengeti, uchanjaji wa mbwa kwa wingi ulianza mwaka 1996 chini ya watafiti akina Sarah Cleaveland, na idadi ya mbwa wenye kichaa ilishuka sana, na pamoja nao watu waliokwenda hospitali kwa kung'atwa. Wataalamu wanasema kila mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kuendelea. Chanjo ya mbwa hurudiwa kila mwaka, au kadiri bwana mifugo wenu atakavyoelekeza. Siku yake ni tarehe 28 Septemba. Mtangazieni mwenye mbwa aliye jirani yenu, na kama hana nafasi, mtumeni mtoto mwenye kamba ya katani.

Siku 45 za Simba zilikwisha tarehe 25 Julai. Sikio lilipona likiwa na pengo. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaanza kutembea nguzo tatu tatu kama siku za mwanzo, akilalamika kwamba nimemrudisha darasa la kwanza.

Jumamosi ya tarehe 29 tulitoka tena. Simba alikuwa na kamba. Mwalimu alikuwa na uvimbe mfukoni mwa trakisuti. Nikamwuliza ni nini, akatoa kipande cha sabuni ya mche kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Penye njia panda mama wa chai alikuwa anawasha moto, na pembeni yake amesimama yule mtoto wa darasa la tatu, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba. Mama anajua uko hapa?"

"Anajua. Ameniruhusu mpaka darajani."

Mwalimu akampa kamba.